Maji Niliyoyafungia Mlango

Vijana wangu wa Gatwekera, sasa. Mmenishika.

Jumamosi iliyopita nilisimama mkutanoni, nikasafisha koo, nikaanza kuwaeleza kwa nini huo ukuta wenu wa magunia pale mtoni lazima utobolewe kabla mvua kubwa haijafika. Nilikuwa ndio naanza kupata moto. Achieng', karani wenu, akainua mkono kwa adabu kama mtu aliye kanisani.

"Mzee Mutisya, na heshima zote. Umeongea mpaka umefika kwa punda wa baba yako, na bado hatujaona maji."

Watu wakacheka, hata mimi. Brayo, mwenyekiti, akasema, "Mzee, andika. Tutasoma pole pole. Jumamosi ijayo tunapiga kura, tutoboe ama tusitoboe."

Basi naandika. Daftari ni la binti yangu Mwende, kalamu ni yake, makosa ni yangu. Shule niliishia darasa la tatu, na sababu ni huyo huyo punda ambaye Achieng' hakutaka kumsikia. Kwetu Kitui maji yalikuwa mbali. Baba alipomnunua punda wa kubeba maji, punda alihitaji mtu, na mtu nikawa mimi. Ndugu yangu alienda shule, mimi nikaenda na punda. Leo ndugu yangu anajua Kiingereza na mimi najua maji. Mkumbukeni huyo punda, atatusaidia mbele.

Sasa, kabla sijapotea tena, niseme kinachonileta, ndio mkichoka katikati muwe mmeshajua. Matete na mafunjo mliyopanda pale chini, mahali palipokuwa jalala, yanageuka manjano. Mnayaona, msijifanye hamuoni. Na mto wenyewe, tangu mlipoufinya na magunia upande wa matete, unasukuma upande wa pili. Upande wa pili ni mlango wa Mwende, na mimi ndiye ninayelala karibu na mlango. Ile mvua ndogo ya juzi ilifika kwenye mkeka wangu ikasimama, kama mgeni anayengoja aambiwe karibu. Mvua kubwa haitangoja kuambiwa. Kwa hivyo mimi si refa katika jambo hili. Mimi ni mchezaji, tena yule aliye karibu na goli.

Lakini sitaki mtoboe kwa sababu ya mkeka. Nataka mjue nilichofanya pwani.

Mnanijua kama mzee anayeota jua nje ya kinyozi. Kabla ya hapo nilichimba mitaro katika hii Nairobi mpaka nikajua udongo kwa sauti. Jembe likisema "cha" ni udongo wa mfinyanzi, likisema "kwa" ni murram, ule mwekundu wa barabara, likinyamaza umepasua paipu ya mtu na ni wakati wa kwenda nyumbani kwa njia nyingine. Wakati huo niliishi Kawangware. Asubuhi tulikuwa tunasimama kando ya barabara na majembe yetu, tukingoja mtu aje na gari aseme anataka wangapi. Mwenzangu alikuwa Wanjala, mtu wa Bungoma, mrefu, mcheshi, mwenye mikono kama koleo. Tulikuwa tukichukuliwa pamoja kila mara kwa sababu yeye alichimba haraka na mimi nilichimba sawa. Mtu mmoja alisema ukituweka pamoja unapata fundi mmoja mzuri.

Nitawapa kitu kimoja cha bure hapa. Mkitaka kujua kama mahali ni juu ama chini kuliko pengine, msiamini macho. Macho ni waongo, hasa kwenye mteremko kama wetu. Chukueni paipu nyembamba inayoonyesha ndani, ijazeni maji, mmoja ashike mwisho huu, mwingine ashike ule. Maji yatasimama sawa pande zote mbili, hata kama katikati kuna nyumba, mbwa na mama amekaa na karai lake la mandazi. Mafundi wa mawe wanaitumia kila siku. Hiyo paipu ndiyo iliyonipeleka pwani.

Asubuhi moja alikuja bwana mmoja na pikapu. Akauliza, nani anajua kuchimba mtaro kwa mkono na kupima kwa paipu. Tukasema sisi. Akasema kazi iko pwani, mbele ya Malindi, walipeleka mashine ya kuchimba ikazama kwenye matope, sasa wanataka watu. Wanjala akauliza mtaro ni wa kina gani.

"Kufika goti."

Tuliangaliana. Mtu aliyechimba choo cha futi thelathini ukimwambia mtaro wa goti, hiyo kwake si kazi, ni likizo. Tukapanda pikapu kabla hajabadilisha maneno. Wanjala alibeba kaptula ya kuogelea.

Kaptula ilirudi ikiwa bado imekunjwa. Bahari yenyewe hatukuiona siku ya kwanza. Ilikuwa huko nyuma ya mikoko. Mbele yetu ilikuwa uwanda, mpana, wa matope na chumvi, na vichaka vifupi vya majani manene kama vidole vya mtoto. Zamani sehemu hiyo ilikuwa imezungushiwa kingo za udongo, maji ya bahari yanafungiwa ndani, jua linayakausha, inabaki chumvi ya kuuza. Kazi hiyo ilikuwa imeachwa miaka mingi, lakini kingo zilibaki, na ndani ya kingo hapakuota kitu. Nje ya kingo paliishi kila kitu. Akina mama wa kijiji cha karibu walitaka na huko ndani parudi kuishi, kwa sababu kamba wadogo, wale wa kuliwa, hukulia kwenye mifereji ya uwanda kama huo kabla ya kwenda baharini kuwa wakubwa. Uwanda ukifa, nyavu zinarudi tupu. Wakatafuta msaada, wakapata, na mkubwa wa kazi akawa mama mmoja anaitwa Bi Mwanasiti.

Bi Mwanasiti alikuwa mfupi, mnene, wa umri kama wangu sasa, na hakuwahi kupandisha sauti. Siku ya kwanza tulifika saa moja asubuhi, majembe begani, kama watu wa Nairobi. Tukamkuta amekaa juu ya ndoo anakunywa kahawa.

"Mwamngoja nani, wanangu?"

"Kazi, mama."

"Kazi haijafika. Ingali baharini. Kaeni mnywe kahawa."

Tukafikiri ni mzaha. Lakini pale kazi ilienda na maji. Maji yakijaa unapanda juu, yakipwa unashuka unachimba. Na kila siku yanachelewa karibu saa moja kuliko jana, kwa hivyo leo unaanza saa mbili, kesho kutwa unaanza saa nne, na mara nyingine ni saa nane mchana na jua limekaa kichwani kama mtungi. Wanjala alisema hajawahi kuona bosi anayechelewa namna hiyo na bado anapendwa.

Siku tulipoanza, nikatoa kamba yangu ya ujenzi, nikapigilia vigingi viwili, nikachimba mtaro ulionyooka mpaka ungeweza kuupigia picha. Hatua arobaini, kina cha goti, pembeni nimelainisha na mgongo wa spedi. Nikasimama kando nikingoja kusifiwa. Bi Mwanasiti akaja, akaangalia upande huu, akaangalia upande ule.

"Hili kaburi la nyoka gani?"

Wanjala alikaa chini kwa kicheko. Akalikalia tope, akainuka upesi akijipangusa.

Mama akanieleza. Mtaro ulionyooka maji hukimbia ndani yake, yakikimbia yanakula kingo, yanabeba udongo wote yanaenda nao baharini. Uwanda unataka maji yanayozunguka, yanayotembea kama mtu aliyeshiba. Nikamuuliza, sasa mimi nitajuaje pa kupinda? Maisha yangu yote nimelipwa kwa kutopinda. Akasema, "Usipinde wewe. Maji yalishapinda zamani. Tafuta alama zao."

Na alama zilikuwepo, vijana. Maji yakishaondoka, angalia pale udongo unapobaki mweusi muda mrefu, hapo ndipo palikuwa na mfereji wa zamani. Angalia mashimo ya kaa. Kuna vikaa vidogo pale, dume ana mkono mmoja mkubwa kuliko yeye mwenyewe, anaupunga siku nzima akiita wake, hapumziki. Wanjala alimwita mheshimiwa. Mashimo yao yakisongamana mahali, jua pana unyevu wa kutosha na hapana maji mengi ya kuzama. Nasi tunapachimba. Vile vile hayo mashimo yanapeleka hewa chini ya tope, ndio mizizi ipumue. Nilikuwa nimezoea kupigana na panya kwenye mitaro ya Kawangware, sasa naambiwa nimpishe mdudu kwa sababu yeye ni fundi mwenzangu, tena yuko kazini kabla yangu.

Na tope lenyewe lilinuka yai bovu. Nikasema hapa pamekufa. Mama akasema ndivyo linavyonuka likiwa zima, chini hakuna hewa, msishtuke. Nanyi mnapopita pale mtoni msiseme "kunanuka" mkaishia hapo. Ulizeni kunanuka nini. Yai bovu ni kitu kimoja, choo ni kitu kingine, na ile harufu ya rangi rangi inayoshuka siku fulani fulani ni ya kushtakiwa kwa chifu.

Niwape pia ya kuzama, labda itawasaidia. Wanjala aliingia na gamubuti. Mguu ukashuka, akavuta, ukashuka zaidi. Watu warefu huzama kwa heshima, polepole, wanaonekana wakiwa wanafikiria. Akina mama wakamwambia lala. Akasema hawezi kulala mbele ya wanawake. Tope likafika kwenye paja akalala. Ukilala uzito unatawanyika, unatoa mguu kidogo kidogo kama unatoka kitandani bila kumwamsha mtu. Alitoka bila gamubuti. Liko huko mpaka leo, na mimi naamini kuna kaa amehamia ndani na familia yake. Tangu siku hiyo tulikwenda miguu mitupu, tukisimama juu ya vipande vya mbao, na jioni tulipaka visigino mafuta ya nazi kwa sababu chumvi inapasua ngozi kama udongo wa kiangazi.

Chakula sasa. Najua si lazima, lakini mimi ndiye nimeshika kalamu. Ile mimea ya majani manene, mmoja wao wenyeji wanauita mboga ya pwani. Unauchemsha, unamwaga maji, unachemsha tena, unatia tui. Mara ya kwanza tulipika wenyewe. Wanjala hakumwaga maji, na akaongeza chumvi kijiko kizima kwa sababu kwao mboga hutiwa chumvi. Vijana, tulikunywa maji siku mbili. Mmea unaishi kwa chumvi, na sisi tunauongezea.

Haya. Sasa nimefika penye aibu.

Tulitoboa kingo, tukafungua mfereji, na maji yakaanza kuingia ndani ya ule uwanja uliokufa. Kabla mwezi wa pili wa kazi haujaisha tukaona vichipukizi. Si vingi, mnaweza kuvihesabu mkiwa mmechutama, na sisi tulichutama. Nilivipenda. Sijui niseme vipi. Nimechimba mitaro mingi na hakuna hata mmoja uliowahi kunioteshea kitu.

Halafu zikaja siku za maji mafu. Kuna siku za mwezi ambapo bahari inajaa kwa nguvu, wenyeji wanasema bamvua, inafika mpaka juu. Na kuna siku inajaa kivivu, haifiki. Siku kadhaa hakuna maji kwenye uwanja, jua linapiga, tope linapasuka, na vile vichipukizi vyangu vinalala kichwa chini. Bi Mwanasiti alipita akaviangalia, akaenda zake kunywa kahawa. Nikasema moyoni, huyu mama hana huruma.

Hapa ndipo punda anaingia. Mtu aliyekulia nyuma ya punda wa maji hawezi kuona maji yanaondoka akanyamaza. Kwetu Kitui mvua ikinyesha, kazi yetu ni moja tu, isiende. Tunachimba matuta kwenye mteremko. Tunaitana mwethya, yaani kijiji kizima na majembe, tunajenga ukuta kwenye mto wa mchanga ili maji yakae chini ya mchanga mpaka kiangazi. Maji yakikutembelea Ukambani, hayaondoki bila kulala. Baba alisema mtu anayeacha maji yampite ni kama anayeacha mtoto apite barabarani bila kumuuliza ni wa nani.

Basi bamvua iliporudi, ikawa ni Ijumaa, wenyeji wako msikitini. Maji yaliingia, uwanja ukajaa, ukang'aa. Nikamwita Wanjala. Nikamwambia, tukiacha haya yaondoke vitakufa. Wanjala akasema, "Bi Mwanasiti alisema?" Nikasema, "Yeye ni mtu wa bahari, hajui kiangazi." Tukajaza tope kwenye magunia, tukaweka mawe, tukaziba mdomo wa mfereji. Nilipima na paipu. Lilikuwa boma zuri, halikuvuja tone. Niliwatazama vikaa wakipunga mikono nikadhani wananishukuru.

Jumatatu tukapelekwa upande wa mbali kutoboa kingo nyingine, tukakaa huko karibu wiki mbili. Niliota vile vichipukizi vikiwa vimefika kiunoni.

Tuliporudi niliona weupe kwa mbali. Nikasema, vimeshachanua.

Ilikuwa chumvi. Maji yalikaa, jua likayanywa, jua halinywi chumvi. Yaliyobaki yalikuwa dimbwi la kijani, vuguvugu kama uji, na kuzunguka dimbwi ganda jeupe. Vichipukizi vilikuwa kahawia, vimekauka vikiwa vimesimama ndani ya maji. Mashimo ya kaa yamezibwa. Samaki wadogo kama sindano wanaelea. Yaani nilikuwa nimetengeneza upya shamba la chumvi, kwa mkono, bure, na kwa upendo mwingi.

Bi Mwanasiti alikuwa hapo amekaa juu ya ndoo yake. Wanjala akaanza kueleza kwamba labda ni mbuzi wa watu walioharibu. Nikamgusa mkono.

"Ni mimi, mama. Nilidhani naviokoa."

Akainuka, akachota dimbwi kwa kikombe chake cha kahawa, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema. Akanipa kikombe.

"Onja."

Nikaonja. Ulimi wangu ulijikunja kama konokono.

"Ungekuwa wewe ni mmea, ungaliishi?"

"Hapana, mama."

"Haya, fungua."

Tukatoa magunia. Dimbwi likatoka likinuka, na nilidhani baada ya hapo nitaambiwa nikusanye nguo zangu. Mama akaniambia kesho nisichimbe. Nije maji yakiwa chini, nikae kando ya mdomo wa mfereji, na nisiinuke mpaka yajae na yapwe. Spedi niache nyumbani. Ile ndiyo siku ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya kazi. Mtu wa jembe hajui aweke wapi mikono.

Nilikaa. Maji yakaja polepole, na ndani yake, nilipoinama, kulikuwa na vitu vidogo kama kope za macho vinaogelea. Ni kamba wachanga. Yakaja na tope laini, likatulia kwenye mizizi kama mtu anayemfunika mtoto. Yakakaa kidogo. Kisha yakaanza kuondoka, na moyo wangu wa Kitui ukaanza kuuma, nikashika nyasi nisiinuke. Yakaondoka na majani yaliyooza, na mimi nikaonja kidogo, yalikuwa na chumvi zaidi kuliko yalipoingia. Yalikuwa yanabeba chumvi ya jana yanaitoa nje. Kumbe kuondoka ilikuwa nusu ya kazi yenyewe.

Bi Mwanasiti alikuja jioni akaketi karibu.

"Kwenu maji ni mgeni, ndiyo mwayazuia," akasema. "Hapa ndiyo mwenye nyumba. Atoka kwenda kazini, mwanangu. Ukimfungia mlango, jioni mtakula nini?"

Pale nilipopageuza chumvi tulingoja muda mrefu. Nilitaka nipande, akanikataza. Alisema kazi yetu ni mlango tu, mbegu zina miguu. Na kweli, mvua moja ikapita, bamvua kadhaa zikapita, siku moja Wanjala akaniita. Vilikuwa vimerudi, vingi, na hakuna mtu aliyevipanda. Mpaka leo nikitaka kujisifu, najisifu kwa kitu ambacho sikufanya.

Sasa turudi mtoni kwetu.

Najua mtasema kule ni bahari na hapa ni mto wa Kibera wenye kila kitu isipokuwa samaki. Kweli, hapa hakuna kujaa na kupwa. Lakini matete hayali udongo mtupu. Yanataka maji yaingie, yatulie, yaache uchafu wake kwenye mizizi, yatoke yakiwa afadhali. Ndio maana mliyapanda. Sasa mmeyajengea ukuta maji yasiingie, halafu mnayamwagilia kwa ndoo. Mmempa mtu kazi ya kuosha vyombo mkafungia vyombo nje.

Na maji yaliyokataliwa upande wenu hayakuisha. Yako kwa Mwende.

Brayo, najua utakachosema, ulishasema. "Mzee, tukitoboa, pampasi zote za watoto na majuala ya plastiki zinaingia kwa matete." Ni kweli, na mlikuwa na sababu. Lakini ukuta si dawa ya pekee. Akina mama wa kule walipotaka kutuliza maji bila kuyafunga, walipigilia vigingi kwenye tope, wakasuka fito katikati, wakaacha nafasi. Maji yanapita, takataka inabaki. Sisi tunayo mianzi na mbao za nyumba za mabati zilizovunjwa. Acheni nafasi ya ngumi moja. Mlango mmoja juu, maji yaingie. Mlango mwingine chini, yatoke, na huo wa chini upimwe kwa paipu, uwe chini kweli, si chini kwa macho. Msiunyooshe mfereji wa ndani, uzungusheni, na mkiona mahali mafunjo yanapenda zaidi, yafuateni. Kila Jumamosi tunatoa takataka iliyokwama kwenye fito. Hiyo kazi haina mwisho, siwadanganyi. Hata Bi Mwanasiti kila bamvua alikuwa akizunguka na fito mpya kwapani.

Sasa kuna jambo nimelizunguka tangu mwanzo, na Achieng' bila shaka ameshaliona, kwa sababu ana macho ya karani. Nimesema "ukuta wenu, ukuta wenu" kama mtu aliyekuta umejengwa. Gunia la kwanza, la chini kabisa, niliweka mimi. Hilo mnalijua, mlikuwepo, mlipiga picha.

Msilolijua ni hili. Nilipokuwa nimeinama pale majini na lile gunia, nilikumbuka. Nilikumbuka mpaka ulimi ukajikunja. Nikainua kichwa niseme, vijana, hapana, nishawahi kufanya hivi. Wakati huo huo Brayo akawaambia wengine, "Tulieni, wacheni Injinia apime."

Nimeitwa mengi katika kazi. Nimeitwa kibarua, nimeitwa wewe wa jembe, nimeitwa nyinyi wawili. Injinia sijawahi. Nikaangalia nyuma nione kama kuna mtu mwingine. Kisha nikanyamaza, nikapima na paipu yangu, nikasema, "Leteni lingine."

Ndio hivyo maji yakaingia kwa binti yangu. Mwende hajui. Atajua akilisoma daftari lake.

Jumamosi pigeni kura vile mnaona. Mimi nitakuwa pale mtoni na spedi, nimevua viatu. Lile gunia langu liko chini ya mengine saba, na mgongo huu si ule wa Kawangware, kwa hivyo siwezi kulitoa peke yangu. Kama mtakuja, anzeni upande wa juu. Na msiniite Injinia mpaka maji yaingie, mpaka yatoke.